Ubao wa Nyuma

Mgeni yule alipotokea, Fundi Albano aliniambia nijifanye mteja.

"Kaa kwenye kile kiti, Ticha," alininong'oneza. "Shika mkoba. Mie sipo."

Nilikaa. Mwanamume aliyekuwa akivuka mtaro kuja kwetu alivaa shati la mikono mirefu, futi ya chuma mkononi, daftari kwapani. Mtu wa namna hiyo hiyo ndiye tuliyekuwa tukimwogopa wiki nzima, sisi wote wenye vibanda kando ya barabara ya Bagamoyo pale Boko. Ilisemekana watapita watu kupima hifadhi ya barabara, na kibanda kitakachoguswa kitachorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Karakana ya Albano ilikuwa nguzo sita na mabati yaliyotoboka. Haikuhitaji X kubwa.

"Habari za kazi," alisema mgeni. "Namtafuta fundi."

"Fundi kasafiri," alijibu Albano, maranda kifuani, penseli sikioni, randa mkononi.

Mgeni alimtazama, akaitazama na ile randa. "Basi labda wewe unayemshikia randa yake utanisaidia. Nataka stendi ya kuwekea tangi la samaki."

Albano alicheka mpaka akaegemea meza. Mimi nilichelewa kucheka.

Mgeni aliitwa Valerian. Alikuwa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya sekondari ya binafsi, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya magenge, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Mama yake alikuwa amepigwa kiharusi na angeruhusiwa kutoka hospitali Jumamosi. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala. Shingo yake ilikubali kugeukia kushoto tu, na kushoto kwa kitanda kulikuwa na ukuta mtupu. Televisheni ilimuumiza kichwa. Kwa hiyo Valerian alikuwa amenunua tangi la kioo na samaki wa mapambo, ili mama apate kitu cha kutazama.

Alichora kwenye daftari. "Kitanda hiki hapa. Tangi litakaa hapa, kati ya kitanda na ukuta. Kutoka kwenye mto ni hatua moja. Akifungua macho tu, awaone."

"Na akitaka kusogea?" niliuliza.

"Hawezi kusogea," alisema.

Nililichukua lile daftari nikaanza kupiga hesabu, kwa sababu hesabu ndicho kitu ninachokimbilia nikiingiwa na hofu. Tangi lilikuwa futi nne kwa futi moja na nusu, na kina chake zaidi kidogo ya hiyo moja na nusu. Zingeingia lita mia mbili na sabini. Lita moja ni kilo moja. Ukiongeza kioo chenyewe, kokoto na mawe, ni kama kilo mia tatu na nusu.

"Hao ni watu watano wazima wamekaa juu ya meza moja," nilisema. "Hawashuki kula, hawashuki kulala."

Valerian alinitazama upya. "Umesoma wapi wewe?"

"Nimemaliza ualimu, fizikia na hesabu. Nasubiri ajira. Kwa sasa namsaidia fundi, na chumba nimepanga kwake."

"Mwalimu wetu wa fizikia anaondoka Desemba," alisema. "Siku mtakayoleta stendi, njoo na barua yako na vyeti. Nitaipeleka kwa mkuu wa shule mwenyewe."

Usingizi sikuupata vizuri siku ile, na haikuwa kwa furaha peke yake.

Mafundi wengi wa mitaani wakitengeneza kabati la televisheni, wanabana ubao wa juu kwa skrubu ubavuni mwa mguu. Televisheni ni nyepesi, skrubu inatosha. Kwa maji nilitaka mzigo ukae juu ya mguu wenyewe, mti juu ya mti, na skrubu ziwe za kushikilia tu. Nilimchorea Albano. Aliugeuza mchoro mara mbili, akasema, "Ticha, hii hata tembo anapanda." Kisha akaniachia kazi yote, kwa sababu Ijumaa alikuwa na milango ya kupachika Bunju.

"Tumia mbao za darini," aliniagiza. "Za chini usiguse."

Za darini zilikuwa misonobari aliyoipanga tangu mwaka uliopita, vijiti vikiwa katikati ili hewa ipite. Za chini zilikuwa zimeshushwa na lori kutoka Mafinga Jumatano ile ile, bado zinanuka utomvu.

Miguu niliipata yote darini. Fremu ya juu ilihitaji mbao mbili fupi na mbili ndefu, ule wa mbele na ule wa nyuma. Wa mbele niliupata, mzuri, umenyooka. Wa mwisho uliobaki darini ulikuwa na jicho katikati, alama ya tawi la zamani, kubwa kama sarafu. Nilikaa nao magotini muda mrefu. Vitabu vilinifundisha kwamba ubao huvunjikia kwenye jicho. Nilimwona yule mama nisiyemjua amelala, na lile jicho likifunguka.

Nikashuka, nikachukua ubao mmoja wa chini. Ulikuwa hauna jicho hata moja, mweupe, umenyooka kama rula. Albano huutambua ubao mbichi kwa kuuweka shavuni. Niliuweka shavuni. Ulikuwa baridi. Nilijiambia ni mvua ya asubuhi. Nikauweka nyuma, upande wa ukutani, nikapaka rangi ya mninga mbao zote zikafanana.

Jioni Albano alirudi, akapitisha kiganja juu ya fremu. "Zote za darini?"

"Ndiyo," nilisema.

Sijui kwa nini. Au ninajua. Vyeti vyangu vilikuwa tayari ndani ya bahasha ya kaki, na nilitaka kuwa mtu asiyekosea.

Kitu hakitoki kwenye karakana ya Albano kabla hakijakanyagwa. Jumamosi asubuhi aliwaita mama wa chapati, fundi cherehani na vijana wawili wa bodaboda, naye akapanda wa tano. Walisimama juu ya stendi wamekumbatiana kama watu waliookolewa kwenye mafuriko. Kijana mmoja akaanza kucheza singeli.

"We, shuka na kiuno chako!" mama wa chapati alipiga kelele. "Utaniua na unga wangu haujaisha!"

Stendi haikutoa hata mlio. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, huku nikiwaza kwamba hawa watashuka baada ya dakika tano, na maji hayatashuka.

Mama yake Valerian, Bibi Margareta, alikuwa ameshalazwa kitandani tulipofika. Uso wake upande mmoja ulikuwa umeteleza kidogo, lakini jicho la kushoto lilikuwa kali. Maneno yalitoka polepole, moja moja.

"Kamwene, bibi," Albano alimwamkia Kihehe.

"Kamwene. We ni kabila gani unayenisalimia kwa kibandia?"

"Mngoni wa Peramiho, bibi."

"Ooh!" Bibi alifumba jicho. "Valerian, mwanangu, umekosa mafundi Dar nzima? Umeniletea Mngoni. Hawa babu zao walijua kukimbia tu, hawakujua kusimamisha kitu."

"Walikuwa wanawakimbiza nyie, bibi. Mlikuwa mbele."

"Siku nikifa, usije kula pilau yangu."

"Nitakuja na sufuria kabisa."

Alicheka kwa nusu ya mdomo, na machozi yakamtoka. Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zao walipopigana vita. Neno la mtani halikasirikiwi, na wala halibebwi kwa uzito. Tangu siku hiyo Albano akawa anapita kwake kila Jumapili akitoka misa, kwenda kutukanwa.

Tulijaza maji. Samaki wekundu na wa rangi ya machungwa waliingia wakazunguka. Bibi aliwatazama akanyamaza, kwa mara ya kwanza. Nilimkabidhi Valerian bahasha, akaiweka juu ya friji.

Wiki tano zikapita. Wakati mwingine nikiwa naranda ubao mkavu nilikumbuka ule ubaridi shavuni. Niliupeleka mbali kila ulipokuja.

Jumatatu moja, kama saa nne asubuhi, Albano alikuwa anagonga misumari huku akicheka peke yake.

"Jana mtani wangu kanipasua mbavu," alisema. "Eti, Mngoni, stendi yako inalia. Jua likipiga bati inasema tak. Asubuhi tak, mchana tak. Eti inamhesabia siku zake."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia inamwita kwao Mafinga, si mbao zimetoka huko! Akacheka, mie nikacheka. Akarudia tena, safari hii kakaza uso kabisa. Bibi yule anajua kuigiza, Ticha! Eti, nakwambia inalia, nami siwezi kukimbia."

Nyundo yangu ilikuwa mkononi. Niliishusha taratibu kwenye meza.

"Fundi," nilisema, "ule ubao wa nyuma haukutoka darini."

Albano aliacha kucheka kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

Alikaa juu ya gogo. Hakunitukana. Alisema, "Kanieleza mara mbili mtu mzima, nami nacheka." Halafu akainuka akatafuta mpira wa maji, akanitupia. "Tangulia. Mie nampigia mwanawe, nakuja na ndoo."

Nilikimbia. Nilijua kile ambacho ningepaswa kukijua Ijumaa ile. Ubao mbichi ukikauka haupungui urefu, unapungua upana, na mbao za fremu nilizisimamisha kwa ubavu, upana wake ndio kimo chake. Ule wa mbele ulikuwa umeshamaliza kukauka mwaka jana. Wa nyuma ulikuwa unasinyaa sasa, kila siku, kwa joto la Boko, na unajipinda. Tangi halikuwa tena limekaa juu ya meza. Lilikuwa limekaa juu ya kona. Na kioo hakipindi. Kikikosa pa kukaa upande mmoja, uzito wote unakimbilia upande mwingine, hadi siku kinapoamua.

Mauwa, dada anayemhudumia Bibi, alinifungulia geti akiwa na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mcheshi wa Kilwa. "Ticha! Mbona unatweta hivyo, umeiba kuku?"

"Bibi yuko wapi?"

"Atakuwa wapi zaidi ya kitandani?"

Chumba kilikuwa na utulivu. Mashine ndogo ya hewa ya tangi ilikuwa inatoa mapovu. Bibi alikuwa macho, na rangi za samaki zilikuwa zikipita usoni mwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Ticha. Leo si Jumapili."

"Nimepita tu."

Nilichuchumaa. Kwenye mkoba nilikuwa na risiti ya vocha. Niliisukuma chini ya tangi, kona ya nyuma. Iliingia bila kugusa kitu. Nikachukua kitambulisho changu cha chuo, kadi ngumu ya plastiki. Ikaingia nayo. Nikaongeza ufunguo wa chumba changu juu ya kadi. Ukaingia wote mpaka kichwani.

Nikatambaa hadi kona ya mbele, ile iliyokuwa upande wa mto. Hapo hata unywele usingepita. Na chini kabisa, pale gundi inapokutana na kioo, palikuwa na tone. Nililifuta kwa kidole. Nikahesabu moyoni. Nilipofika kumi na saba, likarudi.

Tak.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti ndani ya ukuta. Samaki wote waligeuka kwa pamoja.

"Umeisikia?" alisema Bibi. "Nilidhani ni mimi mwenyewe. Kichwa changu."

Mauwa alikuwa mlangoni. Nilimwonyesha kwa macho. Ucheshi ulimtoka usoni pale pale. Tulishika kitanda, tukasukuma. Kilikuwa cha mti wa Mufindi, kizito kama nyumba. Miguu yake ilikwaruza vigae, sakafu ikatetemeka, na maji ndani ya tangi yakayumba kuelekea kwetu. Tukaacha papo hapo. Nilikuwa nimeuma ulimi. Nilisikia ladha ya damu.

"Shuka," nilimnong'oneza Mauwa. "Tutambeba kwa shuka hadi kwenye kiti cha magurudumu."

"Mimi si gunia," alisema Bibi. "Kuna nini?"

"Tunasafisha tangi, bibi. Maji yamechafuka."

"Maji ni meupe kuliko macho yako." Mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, ulishika kiganja changu. "Unatetemeka. Tangu nilale hapa kila mtu ananidanganya. Daktari ananidanganya. Binti zangu wananidanganya kwenye simu. Valerian analia bafuni, anatoka anasema amekula pilipili. Wananifanya niwe mtoto, Sekela."

Nilishtuka. Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu.

"Sikuulizi sasa," aliendelea. "Naona mna haraka. Lakini niahidi. Mkimaliza, utaniambia yote. Wewe, kwa mdomo wako, leo leo. Siyo kesho."

Nyuma ya bega lake, tone lilidondoka sakafuni. Nikasikia.

"Nakuahidi, bibi."

"Haya. Nibebeni basi, gunia la Mafinga."

Nilisimamisha godoro la akiba kati ya tangi na kitanda, nikaliegemeza kwa kiti, ingawa nilijua godoro halizuii kilo mia tatu na nusu. Mauwa alishika shuka upande wa kichwa, mimi miguuni. Ili nimpitishe ilinibidi nisimame dakika nzima katikati, mgongo wangu ukiwa umekielekea kioo. Sijawahi kuusikia mgongo wangu namna ile. Kila kiungo kilikuwa kinasikiliza. Mauwa alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, mimi nilikuwa nasema tu, taratibu, taratibu, taratibu. Tulimketisha kwenye kiti. Tukamsukuma hadi barazani.

Halafu ilibidi nirudi ndani.

Niliingiza ncha ya mpira majini, nikavuta kwa mdomo hadi maji yenye ladha ya magamba yakanijaa kinywani, nikautoa mwisho wa pili dirishani. Maji yakaanza kukimbia kwenye bustani. Yalikimbia polepole mno. Mauwa alichota samaki kwa chujio la chai, mmoja mmoja, akiwatia kwenye ndoo. "Tulia, mwanangu, tulia," alimwambia kila mmoja. Albano aliingia na ndoo mbili, akaona, akavua viatu, akaanza kuchota. Hakuna aliyetaka kusimama upande wa mto, na wote ilibidi tusimame hapo, kwa sababu upande wa pili ni ukuta.

Maji yalifika nusu. Yakafika theluthi. Nilianza kupumua kwa pua.

Ndipo kioo kikalia. Mstari mweupe uliruka kutoka kona ile ya mbele, ukapanda kwa mshazari hadi karibu na ukingo, haraka kuliko jicho. Mauwa alipiga ukelele, Albano alinivuta kwa ukosi wa blauzi, na maji yaliyobaki yakatoka kwa ule ufa kama pazia, yakamwagika juu ya godoro, juu ya miguu yetu, chini ya kitanda, hadi kwenye korido. Kioo hakikuanguka. Kilisimama hapo na mstari wake. Kama maji yangekuwa yote, kisingesimama.

Tulibaki tumekumbatiana watatu, miguu ikiwa majini. Samaki mmoja alikuwa anarukaruka juu ya mto wa Bibi. Mauwa alimwokota.

Albano aliing'oa stendi mwenyewe. Aliuweka ubao wa nyuma kando ya wa mbele, sakafuni. Ulikuwa umepungua kiasi cha unene wa kidole changu kidogo, na umejipinda kama ulimi. Lile jicho nililolikimbia bado lilikuwa darini, kavu, lisilo na neno.

Valerian alifika saa tisa, tai imelegea. Nilimweleza yote barabarani, nje ya geti, pamoja na lile "ndiyo" nililomjibu Albano. Alishika kichwa. Alizunguka. Alikaa juu ya jiwe akasema "Mungu wangu" mara nyingi. Nilisubiri anifukuze, na ningelipokea hilo vizuri zaidi kuliko alichofanya.

"Yamepita," alisema. "Mama ni mzima. Wewe umekosa, na wewe umekuja. Basi. Lakini asijue."

"Mwalimu..."

"Nisikilize. Presha yake ilishuka juzi tu. Na dada zangu Mafinga walisema tangu mwanzo Dar si mahali pa mgonjwa, nimnunulie samaki nisimnunulie. Mama akijua, watajua. Watasema niliweka kifo kando ya mto wake. Watamchukua." Sauti yake ilikatika. "Sema mlikuwa mnasafisha, kioo kikapasuka kwa bahati mbaya. Kesho nanunua kingine. Barua yako, mkuu wa shule anaipokea kesho asubuhi, tumeshazungumza. Sekela, jina lako liko kwenye ratiba ya Januari. Usiniharibie, nami sitakuharibia."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayeomba, na ndiyo sababu iliniogopesha. Nilimhurumia. Nilikihurumia na hicho kipande cha ratiba chenye jina langu, kwani kwa miaka miwili mama yangu huko Tukuyu alikuwa anauliza kwenye simu, "Bado?" nami najibu, "Bado, mama." Nilijiuliza pia, na kama kuhusu presha anasema kweli? Ningemwokoa Bibi asubuhi nimuue jioni. Hofu hiyo sikuwa na hesabu yake.

Tuliingia ndani. Chumba kilikuwa kimekaushwa, na Bibi alikuwa amerudishwa kitandani, shuka safi. Kushoto kwake kulikuwa na ukuta mtupu, na sakafuni ndoo mbili za samaki ambazo hakuweza kuziona. Valerian alisimama mlangoni. Mauwa na Albano walikuwa korido wanakamua matambara, na nikasikia wameacha kukamua.

"Poleni na usafi," alisema Bibi.

Jua lilikuwa limeanza kushuka kwenye nondo za dirisha. Nilivuta kigoda, nikakaa pale pale tangi lilipokuwa, kichwa changu sawa na chake ili asihangaike na shingo.

"Mama anahitaji kupumzika," alisema Valerian nyuma yangu.

"Bibi," nilisema, "hatukuwa tunasafisha."

Nilimsikia Valerian akivuta pumzi. Jicho la Bibi halikutoka kwangu.

"Stendi niliitengeneza mimi, siyo fundi. Ubao wa nyuma ulikuwa mbichi. Nilijua ni mbichi, nikauweka, na nilipoulizwa nikadanganya. Umekauka, umepinda. Kioo kimepasuka leo, maji yakiwa yamebaki machache. Yangekuwa mengi yangekuangukia. Ile sauti haikuwa kichwani kwako."

Nilimtazama mshipa wa shingoni mwake, ulivyokuwa unapiga, na nikauangalia kama nilivyoliangalia lile tone, nikihesabu. Midomo yake ilitikisika upande mmoja. Valerian alipita, akaushika mkono wa mama yake, akanitazama mara moja. Kisha akatoka. Nilisikia hatua zake hadi jikoni, na hatua zikirudi. Aliniwekea bahasha ya kaki mapajani, taratibu, bila kuitupa, akarudi kusimama mlangoni huku ametupa mgongo.

Bibi aliiona. Aliiangalia ile bahasha, akamwangalia mwanawe, na nadhani alielewa.

"Ulikuwa na nafasi ya kunyamaza," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Kichwa changu ni kizima, basi."

"Ni kizima."

Alifumba jicho, na pumzi ndefu ikamtoka, ndefu mpaka Valerian akageuka kwa hofu. Lakini alilifungua tena.

"Nyanyua ndoo moja," aliniambia, "niwaone."

Niliiweka bahasha sakafuni, palipokuwa bado na unyevu, nikainyanyua ndoo kwa mikono miwili hadi usawa wa mto. Ilikuwa nzito. Nikaishikilia.